Tairi Kipara Ndo Inabana Mafuta, Sasa Tufanyeje?

Hivi jamani nani alipanga haya mambo? Tairi za pikapu yangu zimeisha, kashata, yale meno ya tairi, ukipitisha kidole hakikwami popote, nikasema poa, mafuta yenyewe hayashikiki, ngoja nitafute tairi zinazobana wese. Nakuja kuambiwa zinazobana wese ndo hizo hizo vipara nilizonazo!

Na sio uongo. Tairi inapogusa lami inajikunja halafu inajinyoosha, raba inapata moto, na huo moto ni mafuta uliyolipia wewe. Kashata ikiwa nene raba ya kukunjika nayo inakuwa nyingi, ikiisha gari linakwenda kilaini tu. Kwa hiyo ukifunga mpya geji ya mafuta inashuka haraka mpaka unaanza kumshuku fundi kanyonya tenki. Haya ubaki na kipara? Siku mvua ikinyesha unakanyaga breki, gari linaendelea na safari zake.

Afu mita ya kilomita nayo. Tairi mpya ina kimo zaidi ya ile iliyolika, mzunguko mmoja inafika mbali kidogo, sasa mita inahesabu mizunguko tu, umetembea nyingi imeandika chache, we umekaa na kikokotoo unalia gari limeanza kunywa.

Wenzetu Ulaya tairi inabandikwa lebo, A mpaka E, kuna herufi ya mafuta, herufi ya kushika breki kwenye lami yenye maji, na kelele kwa desibeli. Raha eh? Unakuta mafuta A, maji D. Yaani nibane wese niende kulitumia mtaroni.

Upepo ndo usiseme. Ukipungua tu ubavu unakunjika zaidi na ile faida yote ya tairi ya bei mbaya imekwenda, na namba ya kufuata iko kwenye mlango wa dereva, ile ya ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, ila jaribu kumwambia kijana wa kujaza upepo uone anavyokuangalia.

Tusidanganyane lakini, roho yangu inataka zile za matope, zinanguruma mpaka mbuzi wanahama njia. Fundi kasema nzito hizo, zinakunywa balaa, kaniletea za lami, mistari imenyooka, pikapu ikizivaa utadhani imeazima viatu.

"Kwani bosi hii gari unabebea nini?"

Nikamwambia mara nyingi najibeba mwenyewe.

"Sasa matope ya nini?"

Ya kuonekana, fundi. Ya kuonekana.