Mwacheni Mnyama Alale: Kutega Kamera Wakati wa Theluji

Babu yangu kule Singida alikuwa mtegaji wa kanga. Kabla ya kufunga kitanzi, alizunguka siku mbili tatu bila kutega chochote, akiinama kutazama nyayo, manyoya, mavi, na majani yaliyolalia upande mmoja. Sisi wajukuu tulitaka kuwakimbiza. Alitukataza: kanga akishafukuzwa, hupita kwingine, na kazi yote ya siku tatu imekwisha.

Leo naishi kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, karibu na Ziwa Superior, na mimi pia natega. Ninachotega ni kamera. Ina kihisi kinachogundua joto la mwili linapokatiza mbele yake, ikapiga picha yenyewe huku mimi niko nyumbani. Na kwa misimu sita ya theluji nimefika kwenye msimamo ambao siuonei haya: wakati wa baridi kali, picha ya mnyamapori ambayo mnyama mwenyewe ameilipia kwa mafuta ya mwili wake haifai kupigwa, hata iwe nzuri namna gani.

Nasema mafuta kwa sababu ndiyo yanayoamua nani ataiona Aprili. Kulungu wa mkia mweupe wa huku huingia Desemba na akiba aliyojiwekea kabla majani hayajapukutika. Theluji ikifika kifuani, hujikusanya chini ya misonobari iliyoshikana, mahali ambapo theluji ni pungufu na upepo hauingii, na kutembea wanapunguza. Chakula ni vijiti na machipukizi, havitoshi. Sasa aje mtu na lenzi yake ndefu awatimue, waruke kwenye theluji ya kifua kwa dakika tano. Wametumia akiba wasiyo na pa kuirudishia. Picha itaonekana ina uhai sana, theluji imerushwa juu, macho yametoka pima. Mimi naona mnyama anayeibiwa.

Kuna wanaosema basi wekeni mahindi, waje wenyewe. Hapo ndipo napandwa na hasira. Tumbo la kulungu katikati ya Januari limezoea vijiti. Akishiba mahindi kwa ghafla, linajaa asidi, na anaweza kufa tumbo likiwa limejaa. Na kulungu wengi wanaochovya midomo kwenye rundo moja huambukizana. Huku kuna ugonjwa usio na tiba unaoharibu ubongo wa kulungu na kumkondesha hadi kufa, na mate ni njia yake mojawapo.

Kamera ya kutega haihitaji chambo. Inahitaji usome ardhi, na theluji ni daftari lililo wazi kuliko vumbi lolote la Singida. Asubuhi baada ya theluji kuanguka unaona kila aliyepita usiku: mbweha anayekanyaga karibu katika mstari mmoja, sungura, kulungu waliopanga foleni. Unatafuta njia inayorudiwa, siyo iliyopitwa mara moja. Kisha unatega na kuondoka.

Kutega kwenyewe kuna adabu yake. Mwaka wa kwanza nilifunga kamera usawa wa goti mwezi Novemba. Januari ilikuwa imezikwa. Sasa naifunga juu na kuiinamisha kidogo. Naielekeza kaskazini ili jua la chini la huku lisiipige usoni. Betri za alkali huzimia mapema kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, kwa hiyo natumia za lithiamu. Flashi naipunguza nguvu, maana theluji hurudisha mwanga wote na mbweha anatoka kama doa jeupe. Sipumui mbele ya lenzi, pumzi hugeuka barafu hapo hapo. Na nikirudi nayo nyumbani, naifunga kwenye mfuko wa plastiki tangu nje, hadi ipate joto polepole, la sivyo unyevu utaingia ndani.

Wapo wanaoniambia kwamba picha hiyo si yangu, imepigwa na mashine. Mwaka 2008 Steve Winter alishinda tuzo ya mpiga picha wa wanyamapori wa mwaka kwa chui wa theluji aliyenaswa usiku theluji ikianguka huko Ladakh, India. Alitega kamera 14, akangoja kwa miezi mingi kwenye baridi ya kufikia nyuzi 40 chini ya sifuri. Sergey Gorshkov alishinda mwaka 2020 kwa chui milia jike anayekumbatia mti mashariki ya mbali ya Urusi, baada ya zaidi ya miezi 11. Aliyechagua mti ule, kwa kufuata harufu, nywele na makucha kwenye magome, ni nani kama si yeye? Tena si jambo jipya. Katika misitu ya ziwa hili hili langu, mpiga picha George Shiras alikuwa akitega kamera kwa uzi na flashi zaidi ya miaka 100 iliyopita, na picha zake 74 zilitoka katika jarida la National Geographic mwaka 1906. Hata Serengeti, mradi wa kamera 225 zinazowahesabu wanyama wetu ulianzishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Nilipolijua hilo nilifurahi siku nzima.

Kinachoharibu picha ni udanganyifu. Mshindi wa tuzo hiyo hiyo mwaka 2009 alinyang'anywa tuzo yake baada ya majaji kuona kwamba mbwa mwitu aliyeruka geti usiku yaelekea alikuwa mnyama wa kufugwa. Kamera ya kutega ilitumika pale pia.

Machi iliyopita nilikwenda kuchukua kadi ya picha niliyoiacha ndani ya kamera wiki saba. Karibu picha zote zilikuwa za tawi linalotikiswa na upepo. Katikati yake kulikuwa na mbweha. Alifika alfajiri, akazunguka mara mbili, akajikunja mbele ya kamera, mkia juu ya pua. Theluji ilikuwa inaanguka. Kila akijitikisa usingizini kamera ilipiga, na katika kila picha theluji mgongoni mwake ilikuwa nene zaidi, haiyeyuki, kwa jinsi manyoya yanavyofungia joto ndani. Saa mbili na dakika kumi asubuhi aliinuka, akajinyoosha, akajikung'uta, akaondoka kwa njia ile ile aliyokuja nayo.