Mkate wa Mahindi wa Sikukuu: Tia Vikorombwezo, Acha Sukari

Sukari haina kazi kwenye mkate wa mahindi unaoliwa na nyama. Najua nusu ya jamaa zangu hapa Marekani watanuna, maana mkate waliouonja kwanza ni wa lile boksi la unga uliochanganywa tayari la Jiffy, linalotoka Chelsea, Michigan, nao ni mtamu. Huo ndio mtindo wa Kaskazini: unga wa njano, ngano ya kutosha na sukari. Kusini, huko Georgia na Alabama, wazee wengi huoka kwa unga mweupe, maziwa yaliyochachuka na chumvi, ndani ya kikaango kizito cha chuma. Ukiwauliza sukari iko wapi, watakuuliza kama umekuja kula au kunywa chai.

Mimi niko upande wa Kusini, na sababu yangu ni sukuma wiki. Mboga wanayoiita collard greens ni sukuma wiki hii hii tunayoijua. Wao huichemsha kwa moto mdogo, hata kwa muda wa saa mbili, mpaka iachie supu nzito, kisha wanamega mkate na kuchovya. Aliyelelewa kwa ugali hahitaji kufundishwa hapo. Watu waliofanywa watumwa kwenye mashamba ya Kusini walipewa posho ya unga wa mahindi na nyama ya nguruwe, na mapishi haya yalikomaa mikononi mwao. Mahindi yenyewe ni zao la watu wa asili wa Amerika, na Wareno ndio waliotuletea Afrika katika karne ya 16. Ugali na mkate huu ni ndugu. Sasa nani anatia sukari kwenye ugali?

Kwa hiyo mezani siku ya Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya kutoa shukrani, ile Alhamisi ya nne ya Novemba, mkate wa mahindi ni wa kusukumia kitoweo. Kikorombwezo chochote ninachofikiria kutia nakipima hivi: je, mkate utaendelea kukubali mchuzi wa bata mzinga na supu ya mboga? Ukikataa, kikae nje.

Jibini aina ya cheddar na pilipili ya jalapeño vinafaulu bila maswali. Jibini ina chumvi, pilipili inakata mafuta, na vyote viwili huachia ladha ya mahindi nafasi. Ila mimi jalapeño naiona baridi. Natumia pilipili mbuzi nusu, bila mbegu, iliyokatwa ndogo kabisa na kupitishwa kwenye samli ya moto kwa dakika moja. Harufu inaenea mkate mzima na watoto bado wanakula. Bizari nzima ya pilau iliyokaangwa kavu inafaa pia, kijiko kidogo kimoja tu. Vitunguu vilivyokaangwa hadi kuwa hudhurungi, kama vya pilau, kwangu ndivyo mfalme wa yote. Vina utamu wa kutosha kumnyamazisha anayedai sukari.

Mahindi mabichi ukiyatoa kwenye gunzi usiyatie hivyo hivyo. Yababue kwanza kwenye kikaango kikavu, la sivyo maji yake yataufanya mkate kuwa bwabwa katikati. Boga nalo ni hivyo hivyo: lichome, lipondwe, likaushwe kidogo.

Kuna mtu aliniuliza kuhusu dagaa, akidhani anatania. Sioni utani hapo. Kusini wana mkate unaotiwa vipande vikavu vya mafuta na ngozi ya nguruwe, vyenye chumvi na mlio mdomoni. Kwa nyumba isiyokula nguruwe, dagaa wadogo waliotolewa vichwa na kukaangwa wakauka wanafanya kazi hiyo hiyo. Waambie tu wageni mapema.

Kranberi kavu, vile vitunda vidogo vyekundu, siziwezi. Zinatiwa kwa sababu ni msimu wake na rangi inapendeza kwenye picha, basi. Iliki naipenda, lakini ukishatia iliki na nazi na sukari umeelekea kwenye mkate wa kumimina, na huo wa mchele unashinda huu mara zote. Tui la nazi bila sukari nakubali, kwa sharti moja: halina uchachu wa mtindi, kwa hiyo baking soda haitafanya kazi peke yake. Kamulia ndimu au tegemea baking powder.

Kosa kubwa la sikukuu ni kutia kila kitu. Unga wa mahindi hauna ule utando wa ngano unaoshika mkate pamoja. Hapa kinachoshika ni mayai na ukoko. Ukijaza jibini, mahindi, vitunguu na pilipili kwa pamoja, utapata makombo mazuri sana. Kwa vikombe 2 vya unga, vikorombwezo vyote visizidi kikombe 1, na viwe viwili kwa wingi.

Mkate wenyewe hauna siri. Vikombe 2 vya unga uliosagwa kwa chembe, si sembe laini. Dona linafaa zaidi. Masa harina, unga wa mahindi wa Mexico, iache kwa tortilla, chapati zao za mahindi; imeshapikwa na chokaa na ladha yake ni nyingine. Baking powder kijiko kidogo 1, baking soda nusu kijiko kidogo, chumvi kijiko kidogo 1, mayai 2, mtindi kikombe 1 na robo tatu, samli robo kikombe. Mapishi mengi ya zamani yanadai mafuta ya nguruwe. Samli haipungukiwi kitu, na ukialikwa kwa watu nawe huli nguruwe, uliza kabla ya kumega.

Kikaango kiingie oveni kikiwa na samli yake na kipate moto sawasawa, nyuzi 220 za Selsiasi. Rojo ikimiminwa lazima ilie. Isipolia, rudisha kikaango oveni kwanza, kwa kuwa ukoko wa chini ndio nusu ya utamu wa mkate huu. Dakika 20 hadi 25 zinatosha.

Kama mwenyeji wako anapika ile dressing, yaani mkate wa jana uliovunjwavunjwa ukachanganywa na vitunguu, seleri, majani ya sage na supu ya ndege kisha ukaokwa upya, muokee wa pili mtupu kabisa, siku moja kabla. Pilipili mbuzi humo ni uchokozi.

Ule wa vikorombwezo usiuoke asubuhi. Bata mzinga akitoka ovenini anapumzishwa kama nusu saa kabla ya kukatwa, na hapo oveni iko wazi. Kikaango kiwe kimeshapata moto wakati huo. Wageni wakiwa bado wanagombania viti, mkate unafika mezani unafuka moshi, na anayetaka utamu apewe asali ajipakie mwenyewe kwenye kipande chake.