Kumlilia Afande Katika Mji Unaoogopa Bunduki

Koplo alizikwa Jumamosi huko Seme, kando ya simba yake (kibanda cha kijana katika boma la Kijaluo), mahali ambapo mihogo iling'olewa kupisha kaburi. Wezi wa mifugo walikuwa wamemmiminia risasi Baringo, akiwa nyuma ya lori la kazi. Jeneza lilifunikwa bendera, kofia na mshipi wake vikawekwa juu. Tarumbeta ilipokoma, wenzake walijipanga na kuelekeza bunduki angani. Mlio wa kwanza ulipopasuka, mama mmoja mbele yangu alijitupa chini ya kiti cha plastiki, mjukuu akiwa kwapani. Watu wawili watatu walicheka, kisha wakanyamaza. Mama huyo anauza omena Nyalenda, mtaa wa Kisumu. Aliusikia mlio ule kama alivyozoea kuusikia.

Tangu siku hiyo nasikiliza kwa makini zaidi mabishano yanayozuka Kisumu kila afisa anapouawa kazini. Yanaanzia stejini kwa watu wa boda, yanapita kanisani, yanaishia kwenye vikundi vya WhatsApp vya familia, ambako mjomba mmoja hutoka kwa hasira na kurudishwa kesho yake. Kuna wanaolia. Kuna wanaosema hawana machozi ya kumpa polisi.

Hawa wa pili wana kumbukumbu, na si ya jana. Tume ya Waki, iliyochunguza vurugu hizo, ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchini baada ya uchaguzi wa 2007, na huku Nyanza wengi wao waliuawa kwa risasi. Agosti 2017 polisi walivamia nyumba Nyalenda usiku, na mtoto Samantha Pendo, wa miezi sita, akafa kwa majeraha ya kichwa. Mwaka 2019 mahakama ya Kisumu iliwataja makamanda watano kuwa wanapaswa kuwajibika. Miaka imepita na kesi inasuasua. Kisha Juni 2025 Albert Ojwang akachukuliwa kwao Homa Bay na kufia mikononi mwa polisi Nairobi, nasi tukaambiwa alijigonga ukutani, hadi daktari wa maiti aliposema vingine. Jeneza lake lilibebwa na waombolezaji hadi kituo cha polisi cha Mawego, kituo kikachomwa moto. Ukimwambia kijana aliyeliona jeneza lile aje asimame wima kwa ajili ya jeneza la koplo, usishangae akikutazama tu.

Wana hoja nyingine, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Msiba wa polisi mara nyingi hugeuka kisasi. Maafisa waliposhambuliwa Kapedo mwaka 2014 na takriban 20 wakauawa, operesheni iliyofuata iliwaacha wakazi wakilalamika kuchomewa nyumba na maduka. Aliyepiga risasi alikuwa ameshaondoka na bunduki yake, na aliyebaki ndiye aliyelipa. Kwa hiyo mtu anapokataa kulia, huenda anachokataa ni kile anachojua kitafuata baada ya kilio.

Lakini hebu tumtazame marehemu mwenyewe. Polisi hazaliwi kambini. Ni yule kijana aliyekimbia peku uwanjani siku ya usajili, akakaguliwa meno, huku jirani wakinong'ona kuhusu ng'ombe aliyeuzwa. Mshahara wake ndio karo ya wadogo zake. Hachagui kituo. Mtoto wa Seme anaweza kujikuta bonde la Suguta, mbali kaskazini, kwenye ardhi asiyoijua njia wala kisima. Ndivyo ilivyokuwa Baragoi Novemba 2012, zaidi ya maafisa 40 walipouawa bondeni wakifuata ng'ombe walioibwa, wengine wao wakiwa wametoka chuoni si muda mrefu. Ng'ombe hao hawakuwa mali yao. Na koplo wetu hakufa akiwapiga wanafunzi Kondele, hapa Kisumu. Alikufa kwenye barabara ambayo raia pia huuawa na majambazi walewale.

Halafu kuna dala, yaani nyumbani kwa Mjaluo. Huku kwetu hata mtu aliyegombana na ukoo mzima hupigiwa nduru anaporudishwa nyumbani, na wazee huswaga ng'ombe katika mila ya tero buru ili kifo kifukuzwe. Hatuulizi kwanza alikuwa na kazi gani. Anayeandika "acha wafe" mtandaoni anafikiri anamjibu Inspekta Jenerali, kumbe anayesoma ni mjane, usiku, na watoto wamelala.

Mimi niko na wanaolia. Nilichukua sukari, nikakesha matangani, na ningefanya hivyo tena. Kinachonichoma ni jukwaa. Mkubwa mmoja alisimama, akasoma risala, akamwita koplo shujaa mara nne au tano (niliacha kuhesabu), akaahidi kwamba damu yake haitaenda bure. Neno lile shujaa lina kazi yake. Likishatamkwa, inakuwa utovu wa adabu kuuliza kwa nini lori lilipita njia ileile, saa ileile, wiki ile yote, bila gari la kulilinda. Ripoti ya shambulio la kuvizia huandikwa ofisini, na mjane haioni. Analoona ni faili lake: barua ya chifu, cheti cha kifo, kiapo cha ndoa, nakala za vitambulisho, na kila akipiga simu kuna karatasi moja inayokosekana.

Ndiyo maana mabishano ya stejini hunichosha kidogo. Wanaodai haki ya Pendo na wanaomlilia koplo wamesimama mbele ya mlango mmoja uliofungwa. Walioshindwa kutuambia nani alitoa amri Nyalenda ndio hao hawatuambii nani alitoa amri Baringo. IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi, iliundwa kwa sheria ya 2011 ichunguze vifo vinavyosababishwa na polisi, nayo hulemewa na hiyo kazi. Kifo cha polisi aliyetumwa vibaya hakina hata mlango wa kubisha ulio wazi hivyo. Kinapewa risasi za heshima, na msafara wa magari unarudi mjini kabla mvua ya jioni haijaanza.

Kule Seme, baba mdogo wa marehemu alipewa dakika mbili. Hakushukuru mtu. Aliuliza, kwa Kidholuo kisha kwa Kiswahili ili wageni wasikie, nani aliyewatuma wale vijana kwa lori lile, na kama huyo mtu yuko hapa leo. Mshereheshaji akamsogelea haraka, akachukua kipaza sauti, akasema muda umetubana. Nikawatazama makonstebo waliokuwa wamepanga mstari, bunduki zikiwa chini sasa. Wengi walikuwa wanaangalia viatu vyao. Mmoja, wa mwisho kulia, alikuwa anatikisa kichwa polepole, akimkubalia mzee.