Kuteleza Kwenyewe Hata Dakika Haifiki

Mtu akikuambia "twende tukaskii Jumamosi," yaani tukateleze mlimani juu ya theluji na mbao miguuni, usikubali kirahisi. Muulize kwanza nani analipa, gari la nani lina matairi, na kama anaujua uzito wa kweli wa mke wake. Akishangaa, ujue hajawahi kuipanga hiyo safari, anaisikia tu.

Mwenzenu nakaa Aurora, pembeni mwa Denver, Colorado. Huku theluji haitafutwi. Inakuja yenyewe, inalala juu ya gari, inaziba mlango, na alfajiri kabla ya zamu natoka na koleo kuifukuza. Sasa theluji hiyo hiyo ninayoitupa pembeni bure, niendeshe kilomita mia na nusu kwenda kuilipia kiingilio? Lakini watoto wameshasikia shuleni. Kila Jumatatu kuna mwenzao aliyerudi kutoka mlimani, jua limemuunguza uso mzima isipokuwa pale miwani ilipokuwa, na wewe mzazi wa mtoto mwenye uso wa rangi moja unaonekana mnyanyasaji.

Bei sasa. Mlima wa Vail ulipofunguliwa Desemba 1962, tiketi ya siku ilikuwa dola 5. Dola tano! Siku hizi, milima mikubwa ya hapa ukijipeleka dirishani Jumamosi ya Februari unatajiwa zaidi ya dola 200 kwa kichwa, nusu milioni ya kwetu, na anayekutajia anatabasamu. Eti kama ulitaka nafuu ungenunua pasi ya msimu mapema. Mapema lini? Pasi zinaanza kuuzwa theluji ya msimu unaoisha haijamaliza kuyeyuka, na ikifika mapema Desemba mauzo yanafungwa. Yaani Julai, umevaa kaptula, unageuza nyama uani, ndipo unatakiwa ukumbuke kununua baridi ya Februari. Mimi nguo za Krismasi za watoto nazinunua tarehe 24 jioni!

Tumeponea kwa jamaa wa kazini mwenye pasi. Pasi yake inamruhusu kuwapa marafiki tiketi za punguzo. Sijawahi kupendwa na mtu huyu, lakini tangu anipe hizo tiketi ananiita "ndugu" na nimeshamshikia zamu za Jumapili. Punguzo hilo nalilipa kwa mgongo.

Nikadhani tiketi ndiyo kazi. Ikaja fomu ya kukodi vifaa.

Fomu inataka uzito, urefu, umri na namba ya kiatu ya kila mtu. Nikakaa mezani na simu, nikamwita mama watoto. Mke wangu ni mtu wa Tanga, mdomo wake haujawahi kukaa likizo.

"Mama Neema, kilo ngapi?"

"Andika sitini na tano."

"Sitini na tano za mwaka wa harusi?"

"Kwani unaniuza kwa kilo, Baba Neema?"

Ikabidi nimweleze. Fundi wa duka anachukua zile namba, anakaza skrubu zinazoshika buti kwenye ubao. Akikaza kupita kiasi, ukianguka ubao hauachii, goti ndilo linaloachia. Akilegeza, ubao unachomoka katikati ya kona na wewe unaendelea na safari bila usafiri. Kwa hiyo ukipunguza kilo kwenye fomu, ubao utakukimbia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akachukua simu, akaandika mwenyewe, akaifuta skrini kwa ncha ya kanga, akanirudishia akiwa amenikazia macho. Sikuuliza.

Ikafuata zamu ya shemeji, kaka yake. Fomu inauliza wewe ni mtelezaji wa aina gani: ya kwanza ni mwoga anayekwenda taratibu, ya tatu ni yule anayeshuka kasi kwenye mteremko mkali. Shemeji hajawahi kukanyaga theluji isipokuwa ya kutoka mlangoni hadi kwenye gari. Nikajua tu, kwa sifa zile, atataka ya tatu, na mimi ndiye nitakayempeleka hospitali. Shemeji akaitazama orodha, akatoa macho: "Shem, niandikie ya kwanza. Sikuja Marekani kupanda daraja la tatu." Nikamwandikia upesi kabla hajasoma maelezo. Kiburi kimewaponza wengi, huyu kimemwokoa goti.

Tukaja kwenye gari. Kupanda milimani kutoka Denver karibu mji mzima unategemea barabara moja, I-70, na kila mwenye mbao anaikumbuka asubuhi moja. Sheria ya jimbo inataka, kuanzia Septemba mosi mpaka mwisho wa Mei, kati ya Morrison na Dotsero, uwe na matairi yanayofaa kwa theluji au uwe umebeba minyororo. Kipimo chao ni sarafu ya senti 25: unaichomeka kwenye mfereji wa tairi kichwa chini, ukiona utosi wa George Washington, tairi limekwisha. Gari la shemeji ndilo kubwa, tulitegemea tuingie wote humo. Tukachuchumaa naye gizani, mimi nimeshika tochi ya simu, yeye anachomeka sarafu. Tukauona utosi. Tukaona na sikio. Tulipofika tairi la nyuma tulikuwa tunatazamana na rais uso kwa uso.

Basi tunakwenda na langu, watu sita, makalio yamebanana, na kuondoka ni saa kumi alfajiri. Lifti, vile viti vya kwenye kamba vinavyowapandisha watelezaji, zinafunguliwa kama saa mbili na nusu, lakini ukitoka saa kumi na mbili unajikuta umesimama Idaho Springs, mji mdogo wa njiani, unahesabu taa nyekundu za breki, au unangoja zamu ya kuingia handaki la Eisenhower. Handaki lenyewe ni urefu wa kilomita 2.7 tu. Lipo mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na ndani yake ndimo mtoto wa mwisho huwa anakumbuka kwamba anataka kukojoa. Kuna treni nzuri inayotoka Union Station mjini Denver mpaka Winter Park, inakushusha hatua chache kutoka kwenye lifti. Tiketi zetu za upendo ni za mlima mwingine.

Usiku nikampigia mama yangu aliye Marangu, chini ya Kilimanjaro, nikamwambia tunakwenda mlimani. Akanyamaza kidogo. "Mnakwenda kuhiji?" Hapana mama, kucheza. "Na wanawalipa shilingi ngapi?" Nikamwambia tunalipa sisi. Jamani, mama yangu alicheka mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Huko kwetu mzungu anatoa fedha, vijana wetu wanambebea begi, hema na mayai yake, na akifika kileleni analia kwa furaha. Huku mimi ndiye nitakayetoa fedha, na mbao za watu sita nizibebe mwenyewe kutoka maegesho hadi kwenye lifti, ndani ya buti ngumu zisizopinda kifundo, unakanyaga kisigino kwanza mguu mmoja mmoja. Mpagazi hakuna. Na tena mlima gani! Chukua Vail kwa mfano: kilele kipo mita 3,527. Kibanda cha Horombo kipo 3,720, na hapo mpanda Kilimanjaro anakuwa bado anasonya kwamba safari haijaanza. Hilo nilikuwa nalisema kwa kiburi mpaka nilipokumbuka kwamba mimi mwenyewe Horombo sijafika. Mtu wa Marangu anautazama mlima kutoka mgombani, anajua upo, inatosha.

Ramani ya mlima nayo nimeipakua. Vail peke yake ina zaidi ya ekari 5,000 za kuteleza: njia za duara la kijani kwa wanaoanza, mraba wa buluu kwa waliozoea, almasi nyeusi kwa wasiopenda magoti yao. Shemeji ameshaziwekea alama anazotaka. Nimemwacha. Ukweli ni kwamba wote sita tutakuwa kwenye kapeti la wanafunzi, ule mkanda unaokupandisha taratibu, halafu unashuka, hata dakika haifiki, unapanga foleni tena. Mlima wote huo, na sisi tunacheza ndani ya kumi na nane.

Kabla ya kubonyeza "nakubali" nilisoma masharti, kwa sababu mimi ni mmoja wa wale watu. Colorado ina sheria ya usalama wa kuskii tangu 1979, na sehemu kubwa inakukumbusha kwamba hatari za kawaida za mchezo ni zako: barafu, jiwe, mti. Unagonga mti wao kwa dola zako. Lakini kuna kifungu kimoja nimekipenda mno, nimekisoma mara mbili mbili: mtu anayeshuka ndiye mwenye wajibu mkuu wa kumkwepa aliye chini yake. Nimeishi nchi mbili, nimefanya kazi chini ya mabosi wa kila rangi, na sheria ya kumlazimisha aliye juu amwangalie aliye chini nimeikuta mlimani tu. Ningeomba waishushe mpaka pale ghalani kwetu.

Sasa hivi ni Ijumaa, saa nne usiku. Jamaa wa kazini ameniambia pamba ni marufuku mwilini, ikilowa jasho inakunyonya joto lote. Nikalifikisha hilo kwa mama watoto. "Kanga ni pamba," nikamwambia. Akasema kanga imelea wanawe wote na haitashindwa na Wamarekani. Anavaa doti nzima chini ya koti, moja kiunoni, moja kifuani.

Glavu zimepatikana jozi tano na moja ya kushoto. Chakula cha juu ya mlima hatutakigusa, bei zake nimeziona; tumefunga chapati na kuku, tutakula kwenye maegesho, milango ya gari imefungwa, vioo vikipata mvuke shauri yao. Shemeji ametuma ujumbe kuuliza kama kuna sehemu ya kuchomea nyama. Sijamjibu.

Mtoto wa mwisho ndiye pekee asiyelala. Kasikia shuleni kwamba mlimani watu wanakunywa chokoleti ya moto, anataka uhakika. Nimemwambia ipo, imejaa kwenye chupa ile kubwa. Ile ni chai ya tangawizi. Atajulia huko huko, ameshafungwa buti, hana pa kukimbilia.