Loo, Tumeponea Chupuchupu: Basi la Mwisho la The Young Ones

Tarehe 19 Juni 1984, BBC2 ilirusha kipindi cha mwisho cha The Young Ones, tamthilia ya vichekesho ya runinga ya Uingereza, na kilipofika ukingoni wahusika wakuu wote wanne wakafa. Walikuwa wamevamia benki. Wakatoroka kwa basi jekundu la ghorofa mbili, lile la London, huku wakishangilia uhuru wao. Basi likapasua bango lenye picha ya mwimbaji Cliff Richard, likapaa hewani, likaporomoka hadi chini na kutua likiwa zima. Pakawa kimya. Kisha sauti zikasikika kutoka ndani zikisema, kwa lugha yetu, loo, tumeponea chupuchupu! Hapo ndipo basi lilipolipuka.

Imepita miaka arobaini na ushei, na watu bado wanabishana. Wapo wanaosema waandishi waliishiwa wakakimbilia baruti. Wapo wanaosema hapakuwa na namna nyingine ya kuwaaga watu wale. Mimi ni wa kundi la pili, ila hoja za kundi la kwanza hazitupiki hivi hivi.

Kwa ambaye hakuwahi kuitazama: ni wanafunzi wanne wa chuo wanaoishi pamoja katika nyumba iliyooza. Rick anajiita mwanamapinduzi na kuandika mashairi mabovu. Vyvyan, panki, yaani kijana wa muziki wa rock wa fujo, mwenye nyota za chuma kwenye paji la uso, anasomea udaktari na kuvunja kila anachokigusa. Neil ni hipi mnyonge, ndiye anayewapikia wenzake dengu na hapati hata asante. Mike anajiona mjanja wa mjini. Waliotunga ni Ben Elton, Lise Mayer na Rik Mayall, na huyo Mayall ndiye aliyeigiza Rick. Vipindi vyote ni 12 tu, misimu miwili, kuanzia Novemba 1982.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya mwisho ule ni kwamba katika nyumba ile kifo hakikuwa na uzito. Kipindi cha kwanza kabisa kiliisha kwa ndege kuiangukia nyumba, na wiki iliyofuata jamaa walikuwepo, wanagombana kama kawaida. Katika kipindi kingine Vyvyan alitoa kichwa nje ya dirisha la treni, kikakatika, na kichwa kile kikaendelea kutukana huku kiwiliwili kikikitafuta relini. Sasa mtazamaji aliyezoeshwa hayo, ukimlipulia basi, unataka ashtuke kwa lipi? Isitoshe, mwaka 1986 wanne haohao waliimba na Cliff Richard mwenyewe wimbo wa Living Doll kuchangia Comic Relief, shirika la hisani la wachekeshaji, ukapanda hadi namba moja Uingereza. Wafu waliimba. Anayesema kifo chao kilikuwa cha mchezo ana ushahidi mkononi.

Lakini tuliangalie lile bango. Mzaha wenyewe uko katika neno moja. Kunapigwa kelele “Cliff!” na mtazamaji anaona uso wa mwimbaji. Kufumba na kufumbua anaona maana ya pili ya neno hilo kwa Kiingereza: genge, yaani jabali lenye mteremko mkali. Kiswahili kina bahati hapa, kwa sababu genge letu nalo lina maana mbili. Genge la watu wanne limetumbukia gengeni. Wanaobeza wanasema kuua wahusika wanne kwa ajili ya neno lenye maana mbili ni mzaha wa bei rahisi, na kama neno lingesimama peke yake ningekubaliana nao.

Halikusimama peke yake. Jina la tamthilia yote limetoka kwenye wimbo wa Cliff Richard, na Rick, mwanamapinduzi yule, alikuwa shabiki wake wa kufa na kuzikana. Kipindi cha mwisho kiliitwa Summer Holiday, jina la filamu ya Cliff ya mwaka 1963. Katika filamu ile vijana mafundi wa mabasi wanaligeuza basi la London kuwa nyumba ya kutembea, wanavuka Ulaya wakiimba mpaka Ugiriki. Wana kazi, wana jua, na waajiri wao wanawaamini hata kuwapa basi zima. Miaka 21 baadaye vijana wa 1984 wanapata basi lilelile kwa kuiba. Wametimuliwa na mwenye nyumba. Nje ya chuo, Uingereza ya waziri mkuu Margaret Thatcher ina watu zaidi ya milioni tatu wasio na ajira. Basi la baba zao lilifika Ugiriki. La kwao linapita katikati ya uso wa yule aliyewaahidi safari, na nyuma ya uso huo hakuna barabara. Ukiliona hilo, bango halibaki mzaha wa neno tu. Ndilo jambo lenye akili kuliko yote katika vipindi vyote 12.

Kuna kulinganisha kunakopendwa sana, nako hakunishawishi. Huyohuyo Ben Elton, safari hii na Richard Curtis, aliandika Blackadder Goes Forth, tamthilia nyingine ya vichekesho ya BBC. Kipindi chake cha mwisho, cha tarehe 2 Novemba 1989, kinawapeleka askari nje ya handaki la Vita vya Kwanza vya Dunia kuikabili mizinga. Mwendo wa picha unapungua, na uwanja wa vita unageuka shamba la maua mekundu. Watu walilia, wanalia hadi leo. Basi, wanauliza, kwa nini wale wa 1984 hawakupewa hata chozi moja? Kwa sababu wale askari walipelekwa kufa na wakubwa wasiokanyaga matope. Hawa wanne walijipeleka wenyewe, wakicheka. Muziki wa huzuni ungekuwa uongo. Rick angefurahi mno kuliliwa, na heshima ambayo waandishi walimpa ni kumnyima hilo.

Pale ninapowapa wapinzani haki yao ni katika haraka. Kufukuzwa kwenye nyumba lilikuwa jambo la kweli, mwanafunzi yeyote aliyewahi kukosa kodi analijua. Mwenye nyumba mwenyewe, Jerzei Balowski aliyeigizwa na Alexei Sayle, angeweza kubeba kipindi kizima. Badala yake tunarukishwa upesi hadi benki, na benki hadi kwenye basi, kama mtu anayefunga mizigo teksi ikimpigia honi mlangoni. Mike anakufa bila sisi kumjua. Kwa vipindi 12 alisimama pembeni akijisifu, na mwisho haukumpa hata nusu dakika yake mwenyewe. Hilo linaniuma zaidi ya mlipuko.

Hata hivyo ni waandishi wangapi waliojua kusimama? Mchezo ulipendwa. Msimu wa tatu ungetazamwa, na wa nne pia, na Neil angekuwa bado anapika dengu akiwa na mvi. Mwanafunzi ni mtu wa miaka michache, baada ya hapo ni mtu mwingine. Waandishi wa The Young Ones waliufunga mlango wa nyumba ile wahusika wakiwa bado vijana, bado wajinga, bado hawajasameheana chochote.

Rik Mayall alifariki tarehe 9 Juni 2014, akiwa na umri wa miaka 56. Tangu siku ile siwezi kuitazama sehemu ile kama zamani. Mlipuko unanipita tu. Ninachosubiri ni ule ukimya mfupi, basi limetulia chini kwenye vumbi, na kabla ya moto, sauti yake humo ndani, imejaa furaha ya mtu aliyepona.