Theluji ya povu katika joto la kaskazi: je, viwanja vya bembea viandae sikukuu ya majira ya baridi?

Desemba iliyopita niliwapeleka watoto wa dada yangu kwenye kiwanja kimoja cha bembea hapa Malindi, kilichokuwa kimetangaza sikukuu ya majira ya baridi. Matawi ya mivinje yalikuwa yamefungwa pamba nyeupe, mashine ilikuwa ikirusha povu la sabuni lililoitwa theluji, na nyuma ya kibanda cha tiketi nilimkuta kijana aliyevishwa joho jekundu la Baba Krismasi ameziinua ndevu za pamba hadi kwenye paji la uso ili apate kunywa maji. Ilikuwa saa kumi alasiri, na shingo ya fulana aliyoivaa ndani ya joho ilikuwa imelowa jasho chapa. Watoto walifurahi, na sitaki kuificha furaha yao, kwa kuwa hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote kwa upande wa wanaotaka sherehe za namna hii ziendelee. Hata hivyo nimerudi nyumbani na swali ambalo halijaniachia: je, jambo hili lina sababu yake kwetu, au tumelipokea tu kama lilivyoletwa?

Ili kulipima kwa haki ni lazima tuanzie lilikozaliwa. Bustani za burudani za Ulaya na Marekani nyingi zilikuwa na desturi ya kufunga milango baridi inapoingia na kuifungua tena joto linaporudi. Tivoli ya Copenhagen, iliyofunguliwa mwaka 1843, ilianza msimu wake wa Krismasi mwaka 1994, yaani baada ya karne moja na nusu. Na Efteling ya Uholanzi, iliyofunguliwa mwaka 1952, imekuwa wazi mwaka mzima tangu 2010. Sababu ni rahisi kuielewa: ardhi, mitambo na madeni ya benki havilali wakati milango imefungwa, na mfanyakazi anayeachishwa kazi kila mwaka baridi inapoanza huenda asirudi. Sikukuu ya majira ya baridi iliziba pengo hilo, ikawapa watu taa, nyimbo, vinywaji vya moto na soko dogo la zawadi katika miezi ambayo jua huzama mapema.

Hata huko wapo wanaoipinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Mitambo mingi ya kupanda ina kiwango cha chini cha baridi kilichowekwa na mtengenezaji, kwa sababu grisi huwa nzito na magurudumu ya plastiki hukakamaa, kiasi kwamba behewa linaweza kupungukiwa na mwendo na kushindwa kukivuka kilele. Kwa hiyo mgeni anaweza kulipa kiingilio na kukuta mitambo kadhaa imesimama. Jambo zito zaidi ni kwamba miezi ya kufunga ndiyo iliyokuwa miezi ya mafundi: mabehewa yanafunguliwa, vyuma vinapimwa nyufa, na kilichochakaa kinabadilishwa. Kila wiki inayoongezwa kwenye sherehe ni wiki inayoondolewa kwa fundi, isipokuwa mwenye bustani awe na nidhamu na fedha za kuifanya kazi hiyo kwa mpango mwingine.

Sasa tulete hesabu hiyo Malindi, maana hapo ndipo mambo yanapogeuka. Kwetu Desemba si mwezi uliokufa. Ni mwezi wa kaskazi, bahari imetulia, shule zimefungwa, Waitaliano wameikimbia baridi ya kwao, na familia za Nairobi zimejaza nyumba za kupanga. Msimu wetu mkavu wa fedha ni masika, kuanzia Aprili hadi Juni, ambapo baadhi ya hoteli hufunga kabisa na vijana wa ufukweni hurudi kukaa barazani. Wala Desemba si wakati wa baridi. Lugha yetu wenyewe imekwisha kutuambia baridi yetu ni ipi: ni kipupwe, kinachokuja na upepo wa kusi kati ya Juni na Agosti, wakati ambapo mzee hutafuta shuka ya pili alfajiri na nahodha huangalia mawimbi mara mbili kabla ya kutoka. Mtoto anayefundishwa na kiwanja cha michezo kwamba Desemba ni wakati wa baridi anafundishwa majira ya mahali pengine huku kisogo chake kikichomwa na jua.

Wanaounga mkono wana majibu, na baadhi yake nayakubali bila ubishi. Likizo ya mwisho wa mwaka ni ndefu, mji hauna mahali pengi pa watoto, na jioni ya Desemba, jua likishatua, ni wakati mzuri wa kutoka na familia. Nje ya lango nililoingia walikuwako wanawake wanne waliopanga viazi karai, mabuyu na maji ya ukwaju, na mmoja aliniambia kwamba usiku mmoja wa sherehe humpa mauzo ambayo siku za kawaida huyapata kwa wiki nzima. Mtu anayedai kiwanja kifungwe Desemba anapaswa kumweleza mama huyo atakula nini. Mimi sidai kifungwe. Ninachodai ni kwamba umati ule haukuvutwa na povu. Ulivutwa na likizo, taa na upepo wa jioni, na ungekuja hata kama mashine ile isingewashwa.

Liko pia suala la dini, ambalo watu huliongea kwa kunong'ona ilhali linastahili kusemwa wazi. Baadhi ya wazazi Waislamu hawapendi watoto wao wakute sherehe ya Krismasi mahali walipokwenda kupanda bembea tu, na wasiwasi wao ni wa heshima. Lakini Malindi ni mji wa Wagiriama Wakristo vilevile, na wa watu wa bara waliohamia kitambo. Watoto wao wana haki ya kuiona sikukuu yao ikiadhimishwa hadharani. Naona suluhisho ni kuiita sikukuu kwa jina lake, kutangaza siku zake mapema, na kumwachia kila mzazi achague. Jina la majira ya baridi linaonekana kama njia ya kumridhisha kila mtu, kumbe halimridhishi yeyote: Mwislamu anaona mavazi ya Krismasi yaleyale, na Mkristo anaona sikukuu yake imegeuzwa kuwa hali ya hewa, tena ya nchi nyingine. Theluji si sehemu ya ibada ya Mkristo yeyote wa pwani hii.

Isitoshe, sisi tunayo desturi yetu ya bembea na sikukuu. Waliokulia pwani wanazikumbuka bembea za mbao za siku za Idi, zilizosukumwa kwa mikono na vijana walioimba huku wakihesabu mizunguko, na mtoto akishika mkono wa Idi kiganjani hadi sarafu ikapata joto. Idi hufuata mwezi mwandamo na kusogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo haifungwi na msimu wowote. Mwaka 2000 Idi ya Mfunguo Mosi ilikuja siku chache tu baada ya Krismasi, na kwa hesabu ya mwezi zitakutana tena katika wiki moja mwaka 2033. Mwenye kiwanja anayetaka tamasha la kila mwaka lililo letu anayo mali hiyo mkononi.

Nami ningependekeza kama anataka sherehe ya baridi, aiweke Agosti. Shule zimefungwa, Waitaliano nao wako likizoni, na kusi mara nyingi huifanya bahari kuwa chafu na yenye mawimbi, hivyo mgeni aliyekosa kwenda kutazama matumbawe anatafuta la kufanya nchi kavu. Uji wa tangawizi na kahawa ya dele vingenyweka kwa hamu. Masika yangebaki kuwa ya mafundi, na kwetu hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa chumvi ya bahari hula chuma mchana na usiku, na boliti inayong'aa kwa rangi mpya inaweza kuwa imeoza ndani.

Kwa Desemba hii inayokuja ombi langu ni dogo zaidi. Kiwanja na kifungue jioni badala ya alasiri, kijana yule apewe vazi jepesi na malipo ya sikukuu yanayomstahili, na mashine ya povu iondolewe karibu na mitambo. Mpwa wangu mdogo aliteleza kwenye ngazi ya chuma ya gurudumu kubwa, pale povu lilipokuwa limetuama, akajikwangua goti hadi damu. Ngazi ilifutwa kwa kitambaa, na dakika chache baadaye povu likawa limerudi palepale.