Mgonjwa anapotoka mkono mmoja kwenda mwingine

Hospitali inapoita wataalamu wa michakato waje kuchora safari ya mgonjwa, kuanzia mapokezi mpaka anaporuhusiwa kwenda nyumbani, lawama huwa ni ileile: mgonjwa si gari linalopita kiwandani. Wanaoitoa kwa uchungu zaidi ni madaktari na wauguzi wa siku nyingi, na wana haki ya kuwa macho. BPMN, lugha ya michoro inayotumika sana katika kazi hii, ilitoka mwaka 2004 kwa ajili ya shughuli za kampuni, na tangu 2013 ni kiwango cha kimataifa cha ISO. Ina duara la mwanzo au mwisho, kisanduku cha kazi, almasi ya njia panda na mshale wa mfuatano. Haina alama ya hofu wala ya maumivu.

Hata hivyo naona lawama hiyo inampiga asiyehusika. Mchoraji makini hagusi namna daktari anavyofikiri akiwa mbele ya mgonjwa. Anachofuatilia ni pale ambapo mgonjwa, au sampuli yake, au karatasi yake, inatoka mkono mmoja kwenda mwingine, na huko ndiko muda mwingi unakoteketea bila mtu kuwajibika.

Chukua jibu la maabara. Daktari ameagiza kipimo, muuguzi ametoa damu, maabara imepima na jibu limerudi. Muulize kila mmoja wao, atakwambia kazi yake imekwisha, naye atakuwa anasema kweli. Kwenye mchoro kila idara ina safu yake; sasa chora mshale wa jibu kutoka safu ya maabara kwenda safu ya wodi. Unaishia kwenye kisanduku cha nani? Daktari aliyeagiza ameshatoka zamu. Aliyeingia hajui kama kuna kipimo kinachosubiriwa. Muuguzi analiona jibu kwenye kompyuta, ila si yeye wa kulitolea uamuzi. Mshale unabaki unaning'inia, na watu waliofanya kazi pamoja kwa miaka wanaanza kubishana kuhusu jambo ambalo kila mmoja alidhani mwenzake analishughulikia. Mabishano hayo yana thamani kuliko mchoro wenyewe, na bila mchoro yasingetokea mpaka mgonjwa aumie.

Kuupitia mfuatano wa kazi kwa namna hii kunaweza kuzaa nini? Hospitali Kuu ya Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, ilitoa jibu kwa wagonjwa wa kiharusi. Mwaka 1998, muda wa kawaida tangu mgonjwa avuke mlango mpaka apewe dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ulikuwa dakika 105. Mwaka 2011 ulikuwa dakika 20. Dawa haikubadilika, wala kichwa cha binadamu. Kilichobadilika ni mpangilio: wahudumu wa gari la wagonjwa wanapiga simu kabla hawajafika, taarifa za mgonjwa zinatafutwa angali njiani, anapofika anapelekwa na machela ileile moja kwa moja kwenye CT skani, mashine ya kupiga picha ya ubongo, na dawa inaanzishwa palepale kwenye meza ya kipimo. Hakuna hata moja kati ya hatua hizo iliyomnyang'anya daktari uamuzi wake. Zilimrudishia dakika za kuamua.

Upande wa pili una takwimu yake nzito, na sipendi kuona watetezi wa michoro wakiipita haraka. Inahusu mshtuko wa moyo, ambapo saa inahesabiwa tangu mgonjwa afike hospitali mpaka mshipa ulioziba ufunguliwe kwa puto. Utafiti wa hospitali 365 za Marekani uliochapishwa 2006 ulionyesha ni mambo gani ya mpangilio yanayookoa muda. Simu moja tu ya kuita timu nzima, kwa mfano, iliendana na karibu dakika 14 pungufu. Hospitali zikajipanga upya, na kati ya 2005 na 2010 muda wa kawaida nchini humo ukashuka kutoka dakika 96 hadi 64. Halafu mwaka 2013 ukatoka utafiti mwingine, wa wagonjwa zaidi ya 96,000. Katika kundi hilo muda ulikuwa umeshuka kutoka dakika 83 hadi 67 ndani ya miaka 4, ila vifo hospitalini vilikuwa asilimia 4.8 mwanzoni na asilimia 4.7 mwishoni.

Yaani juhudi zote zile, kisha vifo vilevile? Wakosoaji waliishika takwimu hii kama ushahidi kwamba tunapima kinachopimika na kuacha kinachouma. Nimeisoma mara nyingi na siioni hivyo. Uchambuzi uliotoka 2015 ulionyesha kwamba ukimtazama mgonjwa mmoja mmoja, aliyefunguliwa mshipa mapema bado alikuwa na nafasi bora ya kuishi, lakini kundi la waliokuwa wakipata tiba hiyo lilikuwa linabadilika mwaka hadi mwaka, na hatari yao ya kufa ilikuwa inapanda. Hilo linaeleza sehemu kubwa ya fumbo. Lipo pia jambo la pili, ambalo mchoro wenyewe unalifichua: duara la kuanzia limewekwa mlangoni pa hospitali. Maumivu ya kifua yalianza nyumbani, pengine saa mbili au tatu kabla, mtu akijisemea kwamba ni gesi tu. Huko moyo ulikuwa tayari unakufa. Lisogeze duara hilo lianzie maumivu yanapoanza, uone dakika 16 zilizookolewa ndani ya hospitali zinavyopungua uzito.

Hoja ya wakosoaji inayonigusa zaidi ni ya Liverpool. Njia ya Huduma ya Liverpool, mwongozo wa hatua wenye fomu ya kujazwa, ilitungwa Uingereza miaka ya 1990 kwa wagonjwa walio katika siku zao za mwisho, kwa nia njema ya kupeleka uangalizi wa hospisi, vituo vya kutunza wanaokaribia kufa, kwenye wodi za kawaida. Mwaka 2013 jopo huru chini ya Julia Neuberger lilipendekeza iondolewe. Familia zilieleza jinsi wapendwa wao walivyoingizwa kwenye njia hiyo bila wao kuambiwa, na wengine kunyimwa hata maji. Jopo lilikiri kwamba ilipotumiwa vizuri watu walikufa kwa amani na heshima. Tatizo lilikuja pale fomu ilipojazwa na watu wasiofundishwa, wasio na muda, wakidhani kuweka alama kwenye visanduku ndiyo huduma. Hapo mpaka ulivukwa: kilichopaswa kupanga kazi za watumishi kilianza kuamua hali ya mgonjwa.

Kwa hiyo nakubali kuna magonjwa yasiyochoreka kwa mshale ulionyooka. Kumbukumbu za kompyuta za wagonjwa 1,143 wa saratani za uzazi katika hospitali moja ya Uholanzi, zilizotolewa kwa watafiti 2011, zilionyesha karibu kila mgonjwa akipita njia yake mwenyewe. Kwa kesi za aina hiyo mwaka 2014 ilitoka lugha nyingine, CMMN, inayomwachia mtaalamu achague hatua na mpangilio wake. Lakini hata mgonjwa huyo wa njia ya peke yake, jibu lake la maabara linahitaji mtu wa kulisoma.

Swali ambalo ningependa wakosoaji na watetezi walibishanie ni la watu na zamu. Hospitali ya Royal Melbourne, Australia, iliazima mpangilio wa Helsinki, na ndani ya miezi 4 wagonjwa wa kiharusi waliofika saa za kazi walikuwa kwa kawaida wakipata dawa baada ya dakika 25. Waliofika usiku na siku za mapumziko waliendelea kwa kawaida kusubiri zaidi ya saa moja. Mchoro wa zamu ya usiku unatakiwa uchorwe kando, na wanaokesha zamu hiyo wawepo mezani, kila kisanduku kikiandikwa nani hasa yupo saa nane za usiku. Kisanduku kitakachokosa mtu ndicho cha kupelekwa kwa wakurugenzi kuombewa ajira, kabla ya kununua programu yoyote.